GAWIO LINAINGIA KILA BAADA YA MIEZI MITATU. LAKINI LIMETOKA WAPI?



Siku hizi ukifungua simu hukosi mtu anayekufundisha kuwekeza. Atakwambia achana na kamari, nunua hisa. Atakwambia usinunue za hapa tu, nunua na za Marekani, manake programu za kufanya hivyo ziko na unaanza na pesa kidogo. Kisha atakutolea orodha ya kampuni "zinazolipa gawio bila kukosa". Humo ndani mara nyingi utaona kampuni za afya, kwa hoja kwamba watu hawaachi kuugua.

Moja ya zinazosifiwa sana ni Cardinal Health, msambazaji wa dawa na vifaa vya hospitali kutoka Dublin, jimbo la Ohio. Sifa yake ni kwamba imepandisha gawio kila mwaka kwa zaidi ya miaka 25 mfululizo. Kampuni zenye rekodi hiyo kwenye soko la hisa la Marekani ni chache, na wawekezaji huziita kwa majina ya heshima kama vile ni ukoo wa kifalme.

Tuseme mapema ili tusisomwe vibaya. Hatukwambii usiwekeze. Kijana wetu akijua hisa ni nini, amepata elimu ambayo wazazi wengi hawakuipata. Tunachotaka ukielewe leo ni kitu kimoja: gawio lisilokatika linakuonyesha kwamba kampuni inawalipa wenyewe kwa wakati. Halikuonyeshi pesa hizo zilipatikana vipi, wala ni nani aliyewekwa foleni nyuma yako ili wewe ulipwe kwanza. Hadithi ya wasambazaji wa dawa wa Marekani inalionyesha hilo vizuri, na hebu tuifuate pole pole.

GAWIO NI UAMUZI

Gawio ni sehemu ya pesa za kampuni wanayogawiwa wenye hisa. Sio riba. Sio mshahara. Wala sio deni ambalo kampuni inalazimika kulilipa. Bodi ya wakurugenzi hukaa, ikapiga hesabu, ikatangaza: safari hii tutalipa senti kadhaa kwa kila hisa, na atakayelipwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye daftari siku fulani. Bodi ikiamua kutolipa, mwenye hisa hana la kufanya ila kulalamika au kuuza.

Cardinal Health hulipa mara nne kwa mwaka, kwa kawaida katikati ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Miaka ya karibuni ni kama senti 50 za dola kwa hisa kila robo mwaka, yaani kama dola 2 kwa mwaka. Ukiwa na hisa 10, hiyo ni dola 20. Na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, serikali ya kule inakata asilimia 30 kabla hazijakufikia. Unabaki na dola 14. Wanaokutangazia "pesa ukiwa umelala" sehemu hii huwa wanaipita haraka.

Lakini shika hilo neno: uamuzi. Kila baada ya miezi mitatu kuna watu wanakaa mezani na kuchagua pesa ziende wapi. Zinaweza kulipa deni. Zinaweza kuajiri wakaguzi. Zinaweza kwenda kwa waliodhurika. Au zinaweza kwenda kwa wenye hisa. Kwa hivyo gawio likipanda kila mwaka bila kukosa, ujue kila mwaka kuna mtu amechagua lipande.

KAZI YA MSAMBAZAJI

Huyu msambazaji anafanya nini hasa? Hatengenezi dawa. Haandikii mgonjwa dawa. Yeye ananunua kwa jumla kutoka viwandani, anaweka kwenye maghala, kisha malori yake yanapeleka kwenye maduka ya dawa na hospitali. Marekani kazi hiyo imeshikwa na kampuni tatu: McKesson, Cardinal Health, na AmerisourceBergen ambayo tangu 2023 inaitwa Cencora. Hizo tatu zinapitisha zaidi ya asilimia 90 ya dawa zote za nchi ile.

Ni biashara ya ajabu. Mauzo ni makubwa mno lakini faida kwa kila kitu ni nyembamba. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023, mauzo ya Cardinal Health yalikuwa zaidi ya dola bilioni 200. Faida halisi iliyobaki haikufika hata dola moja kwa kila dola mia za mauzo. Ukiwa na biashara ya namna hiyo, unaishi kwa wingi. Boksi moja halikupi kitu, kwa hivyo unataka mamilioni ya maboksi. Kila agizo likija, moyo wako unataka kulijaza.

Tuwe waadilifu. Kazi hii ni muhimu. Bila msambazaji, dawa ya saratani haifiki hospitalini na glavu hazimfikii muuguzi. Hakuna ubaya kuifanya na kulipwa.

Ila sheria ya Marekani ilijua hatari ya dawa fulani. Tangu miaka ya 1970, anayesambaza dawa zinazodhibitiwa ana wajibu ambao muuza sukari hana. Agizo likiwa kubwa kupita kawaida, au likija mara nyingi kupita kawaida, au likikengeuka mwenendo wa duka lile, lazima aliripoti kwa DEA, shirika la serikali linalopambana na dawa za kulevya. Yaani msambazaji alikabidhiwa mlango aulinde.

VIDONGE MILIONI 780

Sasa njoo West Virginia. Ni jimbo la milima na migodi ya makaa ya mawe, watu wake hawafiki milioni 2, na wengi ni maskini kwa kipimo cha Marekani. Mchimba mgodi anaumia mgongo, daktari anamwandikia dawa kali ya maumivu. Dawa hizi, haidrokodoni na oksikodoni, ni za ukoo mmoja na afyuni na heroini. Zinatuliza maumivu kweli. Pia zinamfunga mtu.

Mwandishi wa gazeti la huko, Charleston Gazette-Mail, jina lake Eric Eyre, alipigania kupata takwimu ambazo kampuni za usambazaji hazikutaka zitoke. Alipozipata akazichapisha mwaka 2016. Katika miaka 6, kutoka 2007 hadi 2012, wasambazaji waliingiza West Virginia vidonge milioni 780 vya aina hizo mbili. Hivyo ni vidonge 433 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Katika miaka hiyo hiyo, watu 1,728 wa jimbo hilo walikufa kwa kuzidisha dawa hizo mbili. Zile kampuni tatu kubwa pekee zilipeleka vidonge milioni 423, zaidi ya nusu.

Kuna kijiji kinaitwa Kermit. Watu wake ni kama 400. Duka moja la dawa katika kijiji hicho lilipokea karibu vidonge milioni 9 vya haidrokodoni kwa miaka 2.

Rudia kuisoma hiyo sentensi. Watu 400, vidonge milioni 9. Havikuingia vyote kutoka kampuni moja, lakini kila kimoja kilitoka kwenye ghala la msambazaji mwenye leseni. Kuna dereva aliyevishusha, na kuna karani aliyeona agizo kwenye kompyuta na kubonyeza.

Eyre alipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 2017. Miaka miwili baadaye takwimu za nchi nzima zilifunguliwa kwa amri ya mahakama, na ikajulikana kwamba kati ya 2006 na 2012 vidonge bilioni 76 vya oksikodoni na haidrokodoni vilisambazwa Marekani.

Wewe wa Mombasa, Malindi, Lamu au Kwale huhitaji kuelezwa uraibu unafanya nini nyumbani. Unaijua nyumba ambayo runinga imeuzwa, kisha jiko, kisha mabati. Unamjua mama anayefungia mlango wa chumba chake kwa kumwogopa mwanawe mwenyewe. Unajua kwa nini Malindi na Mombasa kuna kliniki za methadoni na kwa nini watu hupanga foleni pale asubuhi. Tofauti ni kwamba kwetu unga huingia kwa magendo, na kila mtu anajua ni haramu. Kule viliingia mchana, kwa lori lenye jina la kampuni, na risiti.

FAINI NA GAWIO

Utasema, pengine hawakujua. Basi tazama tarehe.

Mwaka 2008 Cardinal Health ilikubali kulipa dola milioni 34 kumaliza madai ya serikali kwamba haikuripoti maagizo ya kutilia shaka. Mwaka 2012 DEA ilisimamisha leseni ya ghala lake la Lakeland, Florida, kwa dawa zinazodhibitiwa, kwa sababu ya oksikodoni nyingi zilizokwenda kwa maduka manne. Mwishoni mwa 2016 ikalipa tena dola milioni 44. McKesson nayo ililipa dola milioni 13.25 mwaka 2008, kisha milioni 150 mwaka 2017.

Kwa hivyo kengele ilipigwa 2008. Ikapigwa tena 2012. Ikapigwa tena 2016. Na hiyo faini ya dola milioni 44 usiione kubwa. Wakati huo Cardinal Health ilikuwa inawalipa wenye hisa zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka. Faini yote, iliyohusu maagizo ya miaka kadhaa, ilikuwa sawa na gawio la kama mwezi mmoja.

Hebu fikiria ungekuwa na duka, askari wa kaunti akakutoza faini ambayo unairudisha kwa mauzo ya asubuhi moja. Ungebadilika? Au ungeiandika kwenye daftari la gharama, karibu na stima na maji?

Tarehe 8 Mei 2018 wakuu wa kampuni tano za usambazaji waliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani. Wakaulizwa swali rahisi: je, kampuni yako ilichangia janga hili? Wanne wakajibu hapana. Mmoja tu, wa kampuni ndogo, akajibu ndiyo.

Kisha zikaja kesi, maelfu ya kesi, kutoka majimbo, kaunti na miji. Mwaka 2022 kampuni zile tatu zikafunga mapatano ya hadi dola bilioni 21. Sehemu ya Cardinal Health ni hadi kama bilioni 6.4. Zilifanya hivyo huku zikikana vikali kwamba zilikosea. Pesa zaidi ya hizo zote, angalau asilimia 85, lazima zitumike kupambana na janga lenyewe, kama matibabu na kinga, na kampuni zililazimishwa kuweka mfumo wa pamoja wa kufuatilia maagizo. Hayo ni mazuri na tusiyabeze.

Lakini soma masharti ya malipo. Ni miaka 18.

HESABU YA MAMA NA MWENYE HISA

Chukua kalamu. Dola bilioni 6.4 ukizigawa kwa miaka 18 unapata wastani wa kama dola milioni 355 kwa mwaka. Gawio la Cardinal Health kwa wenye hisa katika miaka hiyo hiyo baada ya mapatano ni kama dola nusu bilioni kwa mwaka. Kwa maneno mengine, kwa wastani wa mwaka kampuni inatoa zaidi kwa waliowekeza kuliko inavyotoa kwa ajili ya janga lililodaiwa kuwa ilisaidia kulileta. Na hapo hatujahesabu pesa inazotumia kununua hisa zake yenyewe ili bei ipande. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 pekee, hizo zilikuwa karibu dola bilioni 2.

Tazama na mwaka 2020. Kampuni iliweka kando zaidi ya dola bilioni 5 kwa ajili ya kesi hizi, na hesabu ya mwaka ikaonyesha hasara ya dola bilioni 3.7. Mwaka wa hasara! Gawio lilifanywaje? Lilipandishwa. Kidogo tu, kama asilimia moja, kutoka senti 48.11 hadi senti 48.59. Kidogo, lakini lilitosha kulinda ile rekodi ya miaka mfululizo.

Si kosa la kisheria. Gawio hulipwa kutokana na pesa zilizopo na akiba ya miaka ya nyuma, na hasara ile kwa sehemu kubwa ilikuwa ni malipo ya baadaye yaliyoandikwa mapema. Mhasibu atakueleza vizuri na atakuwa hajadanganya. Lakini ona mpangilio: hasara imeandikwa leo, waliodhurika watalipwa polepole hadi karibu mwaka 2040, na mwenye hisa amelipwa tarehe 15 kama kawaida.

Na kuna jambo la kodi pia. Mwaka 2020 Marekani ilipitisha sheria ya kuokoa biashara wakati wa korona, iliyoruhusu kampuni kurudisha hasara zake kwenye miaka ya nyuma na kudai kodi iliyokwisha kulipa. Mapema 2021 Cardinal Health ilieleza kwamba inatarajia kurudishiwa dola milioni 974, kwa kutumia hasara iliyotokana na kesi za dawa hizi. Yaani sehemu ya mzigo ikamwendea mlipa kodi wa kawaida, akiwemo yule wa West Virginia.

Na mama aliyemzika mwanawe? Mapatano haya ni kati ya kampuni na serikali za majimbo na miji. Yeye binafsi hapokei hundi kutoka kwayo. Atafaidika ikiwa kaunti yake itajenga kituo cha matibabu, na ikiwa ana mtoto mwingine wa kupelekwa huko.

Hapo ndipo utaona kwamba hakuna foleni moja. Mwenye hisa ana tarehe. Ana kiwango kinachojulikana mpaka senti. Ana watu kwenye bodi ambao kazi zao zinategemea yeye kuridhika. Yule mama ana mapatano ambayo hakuyasaini.

"LAKINI WENYE HATIA NI WENGI"

Kweli. Na mtu mwadilifu lazima aseme. Kuna viwanda kama Purdue Pharma vilivyotangaza dawa hizi kama hazina hatari kubwa. Kuna madaktari waliogeuza kliniki kuwa vibanda vya kuuzia karatasi za dawa. Kuna wenye maduka waliojua wanachofanya. Kuna serikali yenyewe iliyoruhusu viwango vya utengenezaji vipande mwaka baada ya mwaka. Na leo vifo vingi zaidi kule vinatokana na fentanili ya magendo kuliko vidonge vya dukani.

Lakini makosa yakigawanywa kwa watu wengi hayapungui kwa kila mmoja. Mlinzi wa geti la tatu hawezi kusema, "Na wale wa geti la kwanza na la pili mbona walipitisha?" Yeye aliwekwa la tatu kwa sababu hiyo hiyo, kwamba wa kwanza na wa pili wanaweza kukosea.

CHUJIO LAKO LA HALALI LINAULIZA NINI?

Hapa tunakugusa wewe moja kwa moja. Vijana wengi wetu kabla hawajanunua hisa huangalia kama ni halali. Jambo jema sana. Vigezo vinavyotumika zaidi, kama vile vya AAOIFI, vinaangalia kwanza biashara yenyewe: isiwe pombe, nguruwe, kamari, riba na mfano wa hayo. Kisha vinaangalia namba: deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na kipato kisicho halali kisizidi asilimia 5. Kile kidogo kilichopenya ndani ya gawio unakitoa sadaka ili kulisafisha.

Ni vigezo vya maana na vimewekwa na wanazuoni wanaojua kazi yao. Lakini angalia msambazaji wa dawa anavyopita hatua ya kwanza. Biashara yake ni nini? Dawa. Dawa ni halali, tena ni kheri. Amepita. Programu kwenye simu yako inaweka alama ya kijani, na hakuna mahali inapouliza: mlipeleka vidonge vingapi kwenye kijiji cha watu 400?

Chujio la namba haliwezi kuuliza hilo. Lilitengenezwa kupima muundo wa pesa. Suala la madhara linabaki kwako. Na katika dini yetu kutodhuru sio mapambo. Ni kanuni ambayo wanafikihi wameijengea milango mizima ya hukumu. Ukikubali kutoa sadaka senti chache kwa sababu zimeguswa na riba, itakuwaje usiulize kabisa kuhusu senti zilizoguswa na jeneza?

Hatutoi fatwa. Hilo waulize masheikh wako. Tunachosema ni kwamba swali lazima liulizwe, na hakuna programu itakayokuulizia.

WAPO WALIOULIZA

Usidhani mwenye hisa hana nguvu. Mwaka 2017 Marekani kulikuwa na kundi la wawekezaji walioungana kwa ajili ya jambo hili. Ndani yake mlikuwa na vyama vya wafanyakazi, mfuko wa afya wa wastaafu wa viwanda vya magari, na mashirika ya watawa wa Kikatoliki. Ndiyo, watawa. Wana hisa, na wakaamua hisa hizo ziwe tiketi ya kuingilia mkutanoni na kuuliza maswali. Walitaka bodi ziripoti hatari za dawa hizi na zisiwape wakuu marupurupu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka huo huo, kwenye mkutano wa wenye hisa wa McKesson, karibu robo tatu ya kura zilikataa malipo ya wakuu wa kampuni. Kura ile haikuwa na nguvu ya kisheria ya kulazimisha, lakini ilisikika. Baadaye wenye hisa waliwafungulia kesi wakurugenzi kwa niaba ya kampuni, kwamba walizembea kusimamia. Kesi ya McKesson ilimalizwa kwa dola milioni 175, na ya Cardinal Health kwa dola milioni 124.

Kwa hivyo kuna njia tatu, sio mbili. Unaweza kununua na kunyamaza. Unaweza kukataa kununua. Na unaweza kuwa mwenyewe anayeuliza. Wewe na hisa zako 10 utasema, mimi ni nani? Lakini wale watawa nao hawakuwa na hisa nyingi. Walikuwa na uvumilivu na walikuwa na wenzao.

KABLA HUJABONYEZA "NUNUA"

Chukua maswali haya. Yanafaa kwa kampuni ya Ohio, yanafaa kwa kampuni ya Nairobi, na yanafaa pia kwa ile chama yenu ya mtaani inayogawana faida mwisho wa mwaka.

1. Pesa inatengenezwaje hasa? Usiridhike na neno "afya" au "teknolojia". Uliza wanauza nini, kwa nani, na wanapata zaidi kitu gani kikizidi.

2. Wameshitakiwa au kutozwa faini mara ngapi, kwa jambo gani? Faini moja inaweza kuwa ajali. Faini ya pili kwa jambo lile lile ni tabia. Kampuni zilizoko sokoni zinalazimika kuandika kesi zao kubwa kwenye ripoti ya mwaka. Nenda kwenye sehemu ya kesi. Ni ndefu na inachosha, na ndiyo maana watu hawaisomi.

3. Mwaka wa shida nani alilipwa kwanza? Angalia kama gawio lilipanda huku wafanyakazi wakipunguzwa au waliodhurika wakisubiri.

4. Ungekuwa wewe ndiye wa kijiji kile, ungeridhika na jibu lao?

Hili la mwisho halina ripoti ya kusoma. Utalijibu mwenyewe.

Vijana wetu, tunapigania haki zetu kila siku hapa: kijana asichukuliwe usiku bila ya kufikishwa mahakamani, ardhi isinyang'anywe, kitambulisho kisicheleweshwe kwa sababu ya jina. Tunawaambia wenye mamlaka kwamba pesa na cheo havimpi mtu ruhusa ya kumuumiza asiye nacho. Basi tusiwe watu wa kudai haki tunapokuwa chini, kisha tukipata hisa mbili tatu tukaanza kusema, "Biashara ni biashara."

Kama una hisa zinazokulipa gawio, za hapa au za nje, fanya kazi moja wiki hii. Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni hiyo, tafuta sehemu ya kesi, soma, kisha utuandikie hapa chini umekuta nini. Ukikuta safi, tufurahi pamoja. Ukikuta kuna kijiji mahali fulani kinachosubiri, tujue na sisi.

Wabillahi tawfiq.